Nani Alisema Ni Lazima Kumaliza Sahani?

Tulipoanza kutayarisha kitabu hiki, kazi tuliyopewa ilionekana nyepesi: kuandika juu ya bukari. Unga, maji ya moto, mwiko, namna ya kuvuruga, nani anakula na nani. Lakini katika mkutano wetu baba mumoja, mutu wa heshima, alisimama akasema: "Juu ya nini kuandika mambo ya bukari? Bamama ba leo habataki tena bukari. Bote banataka kukonda. Ile njo mambo ya Bazungu. Kwetu mutu munene njo mutu; banamuona na banajua kama kwake banakula." Watu wengi walipiga makofi.

Mama mumoja alimujibu, hata hakusimama: "Baba, weye haujapimwa tensio. Mimi nilipimwa." Kiisha alitusimulia. Munganga wa dispanseri alimwambia apunguze kilo, lakini hakumwambia namna gani. Jirani mumoja alimushauri aache bukari kabisa. Mwingine alimuuzia chai ya kukondesha. Kwa majuma matatu mama huyu hakugusa bukari, alikunywa chai na kukimbia choo. Halafu kukawa kilio kwa ndugu yake, na pale alikula sahani mbili zikaisha, akaomba na ya watoto. "Nilikula sawa mutu alitoka mu kifungo," alisema. Kilo zote zilirudi, na zilileta wenzake.

Basi mapishi tuliyaacha. Tunaandika ugomvi.

Baba anasema mila yetu ni kula mpaka sahani iishe. Muuza chai anasema mwili wako haujui kitu, umufuate yeye. Kwa macho wanaonekana kama maadui, lakini wamelala nyumba moja. Wote wawili wanakataa kama tumbo la mutu linaweza kusema "njaa" na linaweza kusema "imetosha". Sisi tunasema linaweza. Tunasema vilevile kama wazee wetu walijua jambo hilo, na kile ambacho baba anakiita mila ni kitu cha juzi tu, kilichokuja na lori ya kompani.

Tuangalie sahani yenyewe. Kwa wazee wetu mijini na vijijini, sahani ya mutu mumoja haikujulikana sana. Wababa walikuwa na chombo chao, wamama chao, watoto chao. Bukari moja katikati, na mboga: sombe, lengalenga, samaki, ao vinkubala wakati vinapotoka. Unakata tonge kwa mukono, unalizungusha, unalitoboa kwa kidole gumba, unachovya. Bukari yenyewe ni moto, inakusimamisha. Mutoto mwenye haraka anachomeka vidole, na kama hakuchomeka, mukubwa anamupiga mukono. Katikati ya matonge kuna maneno, kuna kuchekana, kuna kumungojea yule anayetafuna pole. Na mutu akishiba, anasema ameshiba, ananawa, anatoka. Hakuna anayeweza kumuhesabia matonge, kwa sababu hakuna sahani yake pale ya kumushitaki. Baba aliyemaliza mboga yote bila kuwaachia watoto alichekwa nyuma ya mugongo. Bukari iliyolala, asubuhi ilipashwa moto ikaliwa. Sahani safi haikuwa sifa ya mutu yeyote.

Wazee Baluba wanasimulia habari ya Nkongolo Mwamba na ya Mbidi Kiluwe. Nkongolo, mufalme mukali, alikuwa anakula na kunywa mbele ya watu wote. Mbidi Kiluwe, muwindaji aliyetoka upande wa mashariki, alikataa kula mbele ya macho ya watu. Alitaka pahali pa kujitenga. Ni yeye aliyemuzaa Kalala Ilunga, na kwa huyo wanahesabu wafalme wa Baluba. Hatusemi hadithi hii ilitungwa juu ya kilo. Tunasema hivi tu: wazee walipotaka kutofautisha mufalme mubaya na mutu wa adabu, waliangalia namna yake ya kula, hawakuangalia ukubwa wa tumbo lake. Baba yetu aliyesimama mukutanoni ni Muluba. Hadithi hiyo alitusimulia yeye mwenyewe.

Na kama anasema kujizuia ni mambo ya Bazungu, avuke kidogo mipaka ya Katanga. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na wa Kindu wanafundishwa kugawa tumbo mara tatu: theluthi moja ya chakula, moja ya maji, moja ya pumzi. Kule Okinawa, katika visiwa vya Japani, wazee wana neno lao la kuacha kula wakati tumbo limefika sehemu nane katika kumi. Muzungu yuko wapi pale?

Sasa, ile sahani ya kumaliza ilitoka wapi? Sisi watoto wa Lubumbashi tunajua, hata kama hatupendi kusema. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kutaka mufanyakazi akae kambini pamoja na bibi na watoto, asirudi tena kijijini. Kambini kulikuwa posho ya kila juma: unga, samaki ao nyama, mafuta, chumvi, yote imepimwa kwa kilo. Watoto wa kambi nao walikuwa na kantini yao. Hatutukani posho. Iliwalisha wababu zetu, na wengi wetu tuko hapa kwa sababu yake. Lakini posho haiulizi kama una njaa. Inauliza kama kesho utakuwa na nguvu ya kushuka katika mugodi. Kipimo kilitoka katika tumbo la mutu, kikaenda katika kitabu cha karani. Na mutoto wa kambi alijifunza kama kuacha chakula ni kumukosea Kompani, baba na mama, wote mara moja.

Kiisha Kompani ikageuka Gécamines, na unga uliendelea kuja. Watu walisema wanakula Gécamines, sawa vile mutoto anakula kwa baba yake. Halafu baba akaanguka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, mwaka 1991 kukawa uporaji, mishahara ikakawia miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile wanayoita "depaa volontere", kila mumoja na bahasha yake. Katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi, kula mara moja kwa siku haikuwa tena habari ya kushangaza.

Pale tunataka kusimama kidogo, maana wengi wanapita haraka. Watu wanasema: "Yule mama munene ni mulafi." Sivyo. Mwaka 1944 na 1945, katika jimbo la Minnesota kule Marekani, mutaalamu mumoja jina lake Ancel Keys alichunguza wanaume 36 waliojitolea. Kwa majuma 24 walipewa chakula kidogo, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Kiisha chakula kilirudishwa. Kukatokea nini? Wengi walikula kupita kiasi, tumbo limejaa na bado wanasema wana njaa. Mafuta yalirudi mwilini haraka, kwa wengine kupita ya mwanzo. Wanaume wale walikuwa na afya, na walijua kama njaa yao ina mwisho ulioandikwa kwa kalenda. Sasa mufikiri mutoto wa Katuba aliyezaliwa mwaka 1992. Yeye hakupewa kalenda. Leo ana kazi kidogo, ana pesa ya kununua samaki tomsoni na fanta, na mbele ya sahani anakula sawa kesho haiko. Tumbo lake si jinga: linakumbuka. Kumuambia "acha bukari majuma matatu" ni kumurudishia mwaka 1992 ndani ya mwili, halafu kushangaa anapokula sahani mbili kwenye kilio.

Ndiyo sababu tunakataa rejimu za kukatakata. Yule mama hakushindwa kwa sababu ya roho nyepesi. Alishindwa kwa sababu alijifanyia njaa, na mwili ulijibu namna mwili unavyojibu njaa.

Na wauzaji? Mupite sokoni mutazame. Kwa meza moja kuna vidonge vya kunenepesha: deksametazoni, siproeptadini, vinauzwa bila karatasi ya munganga kwa wasichana wanaotaka kujaa kiunoni. Siproeptadini inaleta hamu ya kula, maana yake inauza njaa ya uongo. Deksametazoni inavimbisha uso, inapandisha sukari na tensio, na mutu aliyeizoea akiiacha gafula anaweza kuanguka. Kwa meza ya pembeni, pengine kwa muuzaji huyohuyo, kuna chai ya kukondesha. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha: inatoa maji na mavi, mafuta yanabaki pale yalipo. Ndani ya kikapu kimoja mumoja anauza njaa, mumoja anauza kuhara, na sisi tunalipa mara mbili. Yule baba hakusema neno hata moja juu ya meza hizo. Alisema juu ya Bazungu.

Tuseme sasa tunachotetea, bila kuzunguka. Kula wakati kuna njaa ya tumbo. Kuacha wakati tumbo linasema imetosha, hata kama sahani inasema bado. Ni hivyo tu, lakini ni kazi ngumu. Njaa ya tumbo inakuja polepole, na chakula chochote kinaitosha, hata bukari iliyolala. Njaa ya macho inakuja gafula na inataka kitu kimoja tu, mukate wa mafuta wa yule mama wa kona. Kuna njaa ya huzuni, kuna njaa ya kukaa bure, na pengine kuna kiu inayovaa nguo ya njaa. Kushiba nako kuna dalili zake: ladha ya mboga inapungua, mukono unapunguza mwendo, mutu anapumua kwa nguvu. Wataalamu wanajua leo kama maneno haya yanapita katika damu. Mwaka 1994 waligundua leptini, inayotoka katika mafuta ya mwili; mwaka 1999 grelini, inayotoka tumboni na kuamusha njaa. Lakini habari ya kushiba inakawia. Inaweza kuchukua dakika 15 ao 20 kufika kichwani. Mutu anayemaliza sahani kwa dakika tano, amesimama, simu iko mukononi, atapata habari wakati kazi imekwisha. Sasa mutaelewa juu ya nini tulieleza lile tonge la moto kwa maneno mengi. Wazee hawakujua jina la leptini, lakini chombo chao kiliipa habari ya kushiba wakati wa kufika.

Kuna kitu kimoja kinapita mulango wa nyuma: vinywaji vya sukari, na bia. Chupa ya fanta haijulishi tumbo sawa bukari inavyojulisha. Unakunywa, na baadaye unakula karibu kile ungelikula. Wamama wengi wanaacha bukari na kubakia na fanta mbili kwa siku. Bukari imetukanwa bure.

Tusidanganye vilevile. Waliochunguza namna hii ya kula, baada ya kitabu cha Wamarekani wawili, Evelyn Tribole na Elyse Resch, kilichotoka mwaka 1995, hawakuona kilo nyingi zikianguka. Walichokiona zaidi ni watu kuacha kula kwa gafula na kujificha, kuacha kuchukia mwili wao, na mara nyingi uzito kutulia pahali pamoja. Mwenye kutaka kupoteza kilo kumi mbele ya ndoa ya dada yake, hatuna kitu cha kumuuzia. Na mutu mwenye ugonjwa wa sukari anayepigwa sindano ya insulini, asingojee njaa imuite: afuate saa zake na maneno ya munganga wake. Yule mama wa tensio pia hakuacha vidonge vyake, na asiviache.

Tunajua jibu ambalo wasomaji wengine wanalo tayari kinywani: "Ninyi munasema kula kwa njaa, na batu banalala na njaa!" Ni jibu la haki. Katika miaka ya 2023 na 2024 hesabu zilitolewa: watu milioni 25 na zaidi katika inchi yetu hawakuwa na chakula cha kutosha. Kwa mutu anayekula mara moja, mambo ya kusikiliza tumbo ni matusi kama tunayasema bila haya. Tumbo lake linasema wazi, sikio linalokosekana si lake. Lakini katika kiwanja kimoja cha Lubumbashi kunakaa mutoto mwenye nywele nyekundu kwa sababu ya njaa, na shangazi mwenye tensio na sukari, na mara nyingi wanakula katika sufuria moja: unga mwingi, mafuta, mboga kidogo. Kunenepa kwa shangazi si utajiri. Baba anayesema mutu munene njo mutu, anasema maneno ya wakati ambapo unga ulikuja kwa lori na mutu alitembea kilometa nyingi kwa miguu. Lori haiji tena. Na kwenda kazini tunapanda taksibisi.

Sasa tufike nyumbani, maana vita ya kweli iko pale. Bwana akirudi jioni na kusema "nimeshiba" mbele ya nusu ya bukari, bibi anauliza nini? "Umekula kwa nani?" Kila mutu hapa anajua habari ya biro ya pili. Tunajua wababa wanaokula mara mbili kwa jioni moja, kusudi ndoa isivunjike; wacheke wanaotaka kucheka, lakini tumbo halitofautishi chakula cha haki na chakula cha woga. Mgeni naye: akikataa, mwenye nyumba anafikiri anaogopa sumu ao uchawi. Kwa hiyo anakula, na anapomaliza anaongezewa, na akiacha wanasema chakula hakikuwa kitamu. Mama mupishi anakula wa mwisho, na kile walichoacha watoto anakimeza yeye, kusudi kisitupwe. Mwili wake umegeuka pipa la nyumba.

Mambo hayo matatu hayatamalizwa na munganga. Ni mambo ya mila, na chama chetu ni cha mila, kwa hiyo tunasema. Mgeni aliyeonja tonge tatu amekwisha kuheshimu nyumba, asishurutishwe. Bibi anayeuliza "umekula kwa nani" aulize, ni haki yake, lakini asiulize sahani, amuulize bwana. Na chakula kilichobaki kifunikwe. Wakati wa wabibi zetu kilifunikwa kwa kikapu, leo kuna mabakuli ya plastiki yenye kifuniko sokoni.

Mutoto, zaidi ya wote, tumuache. Mutoto mudogo anageuza kichwa wakati ameshiba. Ni sisi tunaofuata kinywa chake na kijiko, "moja ya papa, moja ya mama". Tunamufundisha kukosa kusikia, halafu akifika miaka arobaini tunamuuzia chai.

Kwa sikukuu ya chama ya mwaka huu tumekubaliana, baada ya makelele mengi, kurudisha vyombo vya pamoja: watu sita kwa bukari moja, kunawa mbele ya wote, hakuna mama atakayesimama nyuma ya meza na kujazia watu sahani. Yule baba alipinga mpaka mwisho. Alisema watu watafikiri chama hakina pesa. Tulimuweka katika chombo kimoja na yule mama wa tensio, na yeye mama alisema atamungojea pale, atakula pole, na akishiba atanawa.